Desemba ya Oscar na muvi za Krismasi

Filamu ndefu inayotaka kuwania tuzo za Oscar sharti iingie kwenye jumba la sinema kabla mwaka haujaisha, ioneshwe siku saba mfululizo kwa watazamaji waliokata tiketi, angalau mara tatu kwa siku, na onesho moja liangukie kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kwa miaka mingi jumba hilo lilipaswa kuwa la Los Angeles. Siku hizi yanakubalika maeneo sita ya Marekani, yakiwemo New York, Chicago na Atlanta. Masharti hayo ndiyo yanayoifanya Desemba iwe mwezi wa msongamano. Wenye filamu hukimbizana kuwahi mlango kabla haujafungwa, na wiki hizo hizo familia ziko likizo, zina hela ya sikukuu na hamu ya kutoka.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Tuzo za kwanza, zilizotolewa tarehe 16 Mei 1929 katika hoteli ya Roosevelt, Hollywood, zilihusu filamu zilizotoka kati ya Agosti 1927 na Julai 1928. Akademia inayotoa tuzo hizo ilianza kuhesabu kwa mwaka wa kalenda kuanzia filamu za 1934, na tangu hapo hesabu ya Oscar na sherehe za Krismasi zikawa zinafungwa mwezi mmoja.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Afrika Mashariki ni The African Queen. Kisa chake kinatokea mwaka 1914 katika koloni la Wajerumani ambalo baadaye liliitwa Tanganyika, na mwongozaji John Huston aliipiga picha Kongo ya Wabelgiji na Uganda. Ilikuwa bado haijaanza kusambazwa Marekani nzima ilipofunguliwa huko Los Angeles tarehe 26 Desemba 1951, siku moja baada ya Krismasi, kwa shabaha ya kuwahi Oscar za mwaka ule. New York waliisubiri hadi Februari. Iliteuliwa mara nne, na Humphrey Bogart akachukua tuzo ya mwigizaji bora wa kiume mbele ya Marlon Brando wa A Streetcar Named Desire, filamu ambayo ilizoa tuzo zote tatu za uigizaji zilizobaki. Kama ingechelewa wiki moja tu, Bogart angengoja mwaka mzima na kukutana na Gary Cooper wa High Noon, ambaye ndiye aliyeshinda mwaka uliofuata.

Lakini kuwahi Desemba si dawa. Desemba 1985 zilitoka filamu mbili kubwa karibu siku moja. Out of Africa, iliyopigwa Kenya, iliteuliwa mara 11 ikashinda 7, ikiwemo ya filamu bora. The Color Purple, simulizi ya mwanamke mweusi wa Kusini mwa Marekani, nayo iliteuliwa mara 11, ikarudi nyumbani mikono mitupu. Ni vigumu kuyatazama matokeo hayo leo bila kuona kwamba wapiga kura walivutwa zaidi na mandhari ya Ngong na mapenzi ya walowezi wa Out of Africa kuliko maisha ya Waamerika weusi yaliyowekwa mbele yao. Kalenda ilizitendea filamu hizo mbili sawasawa. Macho ya wapiga kura hayakuzitendea hivyo.

Zipo pia zilizotoka mbali na Desemba zikashinda. The Silence of the Lambs ilitoka Februari 1991 na bado ilikumbukwa zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Everything Everywhere All at Once ilianza kuoneshwa Machi 2022 ikaondoka na tuzo 7. Oppenheimer ilitoka Julai 2023, nayo ikapata 7. Ukweli ni kwamba mbinu ya kusubiri hadi mwisho wa mwaka imepungua makali, hasa tangu wanachama wa Akademia waanze kutazama filamu kwa mtandao majumbani mwao badala ya kutegemea majumba ya sinema.

Uteuzi wenyewe hupigiwa kura kwa matawi. Waigizaji huteua waigizaji, wahariri huteua uhariri, waongozaji huteua waongozaji. Filamu bora ndiyo inayoteuliwa na wanachama wote, ambao sasa wanapita 9,000. Tangu katikati ya miaka ya 1940 nafasi za filamu bora zilikuwa tano. Kwa filamu za 2009 zikaongezwa kuwa 10, baada ya lawama kwamba The Dark Knight ilikuwa imeachwa mwaka uliotangulia, na baada ya miaka kadhaa ya idadi iliyopanda na kushuka, zikarudi kuwa 10 kamili kuanzia filamu za 2021. Jambo la kuzingatia ni namna kura inavyopigwa: mwanachama hupanga filamu kwa kufuatana, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hesabu ya uteuzi huipa nguvu filamu yenye kundi la watu wanaoiweka namba moja. Filamu ambayo kila mtu anaipenda, ila karibu kila mtu anaiweka namba nane, haina kwa kutokea.

Hapo ndipo muvi za Krismasi hukwama. Ni muvi za watu wote: bibi, wajukuu, jirani aliyepita kusalimia. Zina watoto, nyimbo, kicheko, na mwisho mwema unaojulikana tangu mwanzo. Mpiga kura huitazama na familia yake, huifurahia, kisha ikifika Januari huandika jina la filamu ya vita au ya mtu mashuhuri aliyekufa. Kuna dhana ya zamani miongoni mwa watu wa filamu kwamba kuliza watu ni kazi na kuwachekesha ni mchezo. Dhana hiyo ni potofu, na orodha ya filamu zilizoachwa inaonesha hasara yake.

Home Alone ya 1990 iliongoza mauzo ya tiketi Marekani wikiendi 12 mfululizo, na duniani ikaingiza zaidi ya dola milioni 470. Tuzo za Golden Globe, ambazo zina kundi lake la vichekesho na muziki, zilimteua mtoto Macaulay Culkin kuwania uigizaji bora. Oscar waliiteua mara mbili, muziki wa filamu na wimbo, vyote kwa muziki wa John Williams, na haikushinda. White Christmas ilikuwa miongoni mwa filamu zilizouza zaidi mwaka 1954. Iliteuliwa kwa wimbo mmoja tu. A Christmas Story ya 1983 na Elf ya 2003 hazikuteuliwa kwa Oscar hata moja. Die Hard, ambayo watu hubishana kila mwaka kama ni muvi ya Krismasi au siyo, ilitoka Julai 1988 ikateuliwa mara nne, zote za ufundi. Yatosha kusema kwamba kisa kizima kinatokea usiku wa mkesha, ofisini, kwenye sherehe ya Krismasi, na steringi wake anachotaka ni kurudiana na mkewe.

Iliyofanikiwa kuliko nyingi ilifanikiwa kwa kujificha. Miracle on 34th Street, kisa cha mzee anayedai mahakamani kwamba yeye ndiye Baba Krismasi wa kweli, ilitolewa miezi kadhaa kabla ya Krismasi ya 1947. Mkuu wa studio, Darryl Zanuck, aliamini kwamba watu huenda sinema zaidi majira ya joto, na matangazo yakafanywa bila kuitaja Krismasi. Ilishinda Oscar tatu, moja ikiwa ya Edmund Gwenn aliyecheza mzee huyo, na iliteuliwa kuwania filamu bora.

Inayostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni It's a Wonderful Life ya Frank Capra. Studio ya RKO ilikusudia kuitoa 1947, lakini filamu ya rangi iliyopangwa kwa Krismasi ilichelewa maabara, hivyo ya Capra ikavutwa mbele na kufunguliwa New York tarehe 20 Desemba 1946. Ikaingia kwenye Oscar za mwaka huo na kukutana uso kwa uso na The Best Years of Our Lives, filamu ya wanajeshi watatu wanaorejea makwao kutoka vita vilivyokuwa ndiyo kwanza vimekwisha. Taifa lilikuwa na majeraha hayo hayo. Filamu ya Capra iliteuliwa mara tano. James Stewart alishindwa na Fredric March, Capra akashindwa na William Wyler, na filamu bora ikawa ya Wyler.

Kitu pekee ambacho Akademia iliitunuku filamu ya Capra kilikuwa cha ufundi, na kilistahili. Kabla yake, theluji ya kwenye filamu mara nyingi ilikuwa cornflakes zilizopakwa rangi nyeupe. Zilipokanyagwa zilikuwa na mlio mkubwa kiasi kwamba maneno ya waigizaji ilibidi yarekodiwe upya studio. Mafundi wa Capra walitumia povu la kuzimia moto lililochanganywa na vitu vingine, wakalipuliza kwa upepo wa feni. Theluji hiyo iliangukia mabega kimya, ikashika kwenye nywele, na waigizaji wakaweza kusema maneno yao papo hapo. Yote haya yalifanyika California, katika joto la kiangazi cha 1946, waigizaji wakiwa ndani ya makoti mazito.

Kuna onesho moja ambalo linatosha kujibu wanaodai kwamba muvi ya sikukuu haina uigizaji wa kina. George Bailey, aliyechezwa na Stewart, amekaa baa usiku wa mkesha wa Krismasi. Fedha za kampuni zimepotea, anakabiliwa na jela. Hapigi kelele. Anainamisha kichwa, anazungumza na Mungu kwa sauti ya chini kama mtu asiyezoea kuomba, macho yakilowa, mkono ukitetemeka karibu na mdomo. Muda mfupi baadaye yuko darajani akiyatazama maji. Watazamaji wanaokumbuka kengele na wimbo wa mwisho tu wamesahau giza ambalo filamu hii hulipitia kabla ya kufika huko.

Filamu hiyo ilitia hasara. Mwaka 1974 muda wa haki miliki yake uliisha bila kuhuishwa, na vituo vya televisheni vya Marekani vikaanza kuirusha bila malipo, tena na tena, kila Desemba. Hadi haki hizo ziliporudi mikononi mwa mwenye mali miaka ya 1990, kizazi kizima kilikuwa kimekua nayo. The Best Years of Our Lives ni filamu nzuri sana, na kura ya 1947 haikuwa ya aibu. Lakini kura hupigwa mara moja, ilhali muvi ya Krismasi hupigiwa kura upya kila mwaka sebuleni.

Muvi nyingine za sikukuu zilizopenya kwenye tuzo kubwa zina tabia moja: uchungu uko wazi juu ya meza. The Apartment ya Billy Wilder ilishinda filamu bora ya 1960, na ndani ya kisa chake kuna msichana anayejaribu kujiua mkesha wa Krismasi. The Holdovers, iliyotoka Oktoba 2023, iliteuliwa mara tano. Da'Vine Joy Randolph alishinda tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa kumcheza Mary, mpishi wa shule ya bweni ambaye mwanawe ameuawa Vietnam. Kwenye sherehe ya Krismasi, muziki ukiendelea, Mary anavunjika moyo jikoni kwa watu wengine. Uteuzi wa Randolph haukuwa na ubishi, na ni katika mara chache ambapo Akademia na watazamaji wa sikukuu waliona kitu kimoja.

Moja ya hadithi za Krismasi zilizofika Oscar imezungumzwa kwa Kiswahili, na wachache huiita ya Krismasi. Watu Wote, filamu fupi ya mwongozaji Mjerumani Katja Benrath na wanafunzi wenzake wa Hamburg, iliteuliwa kwenye Oscar za 2018. Chanzo chake ni tukio la kweli la tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Krismasi, ambapo washambuliaji walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakitaka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja kabla, katika kaunti hiyo hiyo, abiria 28 wa basi lingine walikuwa wameuawa baada ya kutengwa kwa njia hiyo. Safari hii Waislamu walikataa. Waliwapa wanawake Wakristo mitandio yao wajifunike, na wakasema kama ni kuua, wauawe wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki Januari 2016.

Filamu hiyo haina theluji wala kengele. Ina vumbi, joto, watu waliobanana kwenye viti, na mwanamke Mkristo aitwaye Jua ambaye anawatazama jirani zake kwa chuki aliyokuja nayo kutoka kwenye msiba wake mwenyewe. Halafu kuna mkono wa mwanamke asiyemjua ukimfunika mtandio. Tuzo ya mwaka huo ilikwenda kwa filamu ya Uingereza, The Silent Child. Watu Wote ina urefu wa dakika 22. Anayepanga muvi za kutazama na wakubwa wa nyumba yake Desemba hii aiweke ya kwanza.