Upasuaji wa bega kwa matundu madogo

Upasuaji wa bega kwa matundu madogo ni tiba ambayo daktari bingwa wa mifupa huingiza kamera nyembamba na vyombo vidogo ndani ya bega ili kupanua nafasi iliyo chini ya akromioni, yaani ncha ya juu ya kombe la bega. Lengo lake ni kuondoa maumivu yanayompata mtu anapoinua mkono. Kwa miaka mingi umefanyika sana katika nchi tajiri, lakini tafiti zilizotolewa tangu mwaka 2017 zimetia shaka faida yake.

Muundo wa bega

Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa katika kishimo cha kombe la bega na kushikiliwa na misuli minne inayouinua na kuuzungusha mkono. Kano ya mmojawapo, msuli wa supraspinato, hupita katika nafasi nyembamba kati ya kichwa hicho na akromioni. Katika nafasi hiyo kuna pia kifuko cha ute kinachopunguza msuguano.

Dalili

Maumivu husikika upande wa nje wa bega, hasa mkono unapoinuliwa kwa upande kati ya nyuzi 60 na 120. Mgonjwa hupata shida kuanika nguo, kuchana nywele au kulala upande unaouma. Hali hii huwapata zaidi watu wa umri wa makamo, pamoja na wanaofanya kazi mikono ikiwa juu ya kichwa, kama mafundi rangi, na wanamichezo kama waogeleaji.

Historia

Mwaka 1972 daktari Charles Neer wa Marekani alieleza kwamba maumivu hayo hutokana na kano kubanwa na kusuguliwa na akromioni. Alipendekeza kukata sehemu ya mbele ya mfupa huo kwa upasuaji wa wazi. Katika miaka ya 1980 Mmarekani mwingine, Harvard Ellman, alionyesha kwamba kazi hiyo inaweza kufanyika kwa kamera. Kwa kuwa vidonda vilikuwa vidogo na mgonjwa aliweza kurudi nyumbani mapema, upasuaji huo ulienea haraka.

Jinsi unavyofanyika

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, na mara nyingi bega nalo hutiwa ganzi. Daktari hutoboa matundu mawili au matatu, kila moja likiwa na upana wa sentimita 1 hivi au pungufu. Maji ya chumvi huingizwa ili kutanua nafasi, na picha ya kamera huonekana kwenye skrini. Kisha kifuko cha ute kilichovimba huondolewa, na milimita chache za upande wa chini wa akromioni husagwa.

Baadaye mkono hutundikwa kwa kitambaa siku chache, na mazoezi ya viungo huanza mapema. Kazi nzito huweza kusubiri miezi kadhaa. Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo: maambukizi, kukakamaa kwa bega na kuumia kwa neva.

Utafiti kuhusu faida yake

Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya wagonjwa 313 waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliosagwa mfupa, waliotazamwa kwa kamera tu bila kukatwa kitu, na wasiopata tiba. Waliosagwa mfupa hawakuwa na nafuu zaidi ya wale waliotazamwa tu. Makundi yote mawili yaliwazidi kidogo wasiotibiwa, lakini si kwa kiasi chenye maana kwa mgonjwa. Mwaka 2018 utafiti wa Ufini, uliofuatilia wagonjwa kwa miaka miwili, nao haukuona faida ya kusaga mfupa kuliko kutazama tu. Mwaka 2019 jopo la kimataifa lililoandika katika jarida la BMJ lilishauri upasuaji huu usifanywe kwa maumivu ya aina hiyo.

Matokeo hayo yanatia shaka pia maelezo ya Neer, kwa kuwa wagonjwa wengi hupata nafuu bila mfupa kuguswa.

Tiba nyingine

Tiba ya kwanza ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya bega kwa wiki kadhaa, kupunguza kazi zinazoamsha maumivu, na dawa za kutuliza. Sindano ya steroidi huweza kuleta nafuu ya muda mfupi. Kuchanika kwa kano baada ya ajali ni tatizo tofauti: anayeshindwa ghafla kuinua mkono baada ya kuanguka anahitaji kuonwa na daktari bila kuchelewa, kwani huenda akahitaji kushonwa kano.