Merikebu ya Moshi katika Picha ya Turner

Picha ya rangi za mafuta ambayo J. M. W. Turner aliionyesha mwaka 1839 katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini London huelezwa mara nyingi kuwa ni maombolezo ya Temeraire, manowari kongwe yenye mizinga 98 iliyopigana katika vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805. Maelezo hayo yana ukweli, ila yanakipa kisogo chombo kinachofanya kazi yote pichani, yaani tagi, merikebu ndogo ya moshi yenye nguvu ya kukokota vyombo vikubwa.

Injini ya tagi hiyo iliendeshwa kwa mvuke wa maji yaliyochemshwa kwa makaa ya mawe, nayo ilizungusha magurudumu mawili, moja kila ubavu, ambayo vibao vyake vilipiga maji na kuyasukuma nyuma; hivyo iliweza kupita katika mizingo ya Mto Thames bila kungoja upepo, jambo ambalo meli kubwa ya matanga isingeliweza. Turner aliiweka dohani, yaani bomba la moshi, karibu na omo, mbele ya mlingoti wa tagi, akaifanya iteme moshi wa rangi ya moto unaorudi nyuma kuelekea milingoti ya manowari. Tagi za wakati ule hazikuundwa hivyo, na J. T. Willmore, alipoichonga picha hiyo ili ichapwe mwaka 1845, aliihamishia dohani nyuma ya mlingoti: alisahihisha uhandisi, akaharibu picha.

Hilo halikuwa badiliko pekee. Temeraire ilipokokotwa kutoka Sheerness hadi Rotherhithe Septemba 1838, ilivutwa na tagi mbili, wala si moja. Milingoti yake ilikwisha kung'olewa, na ubavu wake, ambao Turner aliupaka weupe wa dhahabu, ulikuwa wa manjano na mweusi. Tena safari ilielekea magharibi, ilhali jua linalotua limewekwa nyuma ya manowari.

Wanaoiona tagi hiyo kuwa mnyongaji wanakosea, kwa sababu aliyeiuza manowari ni Jeshi la Wanamaji la Uingereza lenyewe, na aliyeinunua ili aivunje ni mfanyabiashara John Beatson. Tagi ilikodiwa tu kuifikisha.