ASKARI NA TANDIKO LAKE: GODORO GANI LAFAA SAFARINI?

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Raia alalaye nyumbani kwake hukijua kitanda chake pembe zote nne, lakini askari hana bahati hiyo. Leo yumo bwenini kambini, kesho yuko juu ya kokoto za Karamoja, na keshokutwa amejinyosha juu ya sakafu ya saruji katika darasa la shule, akilinda masanduku ya kura. Kila usiku ana kitanda kipya, na kila kitanda kina kunguni wake. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa leo tuzungumze na wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kile kitu anachokitandika askari baina ya mwili wake na ardhi.

Twajua kwamba watakuwako watakaocheka na kuuliza: askari na godoro, wapi na wapi? Hata sisi tulikuwa miongoni mwa wenye kucheka, mpaka ulipotufika usiku mmoja ambao hatutausahau.

Tulikuwa bado kadeti, katika mazoezi ya siku tano kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Jioni ya kuondoka tulilipima shanta letu kwa mkono, tukaliona zito, tukaamua kupunguza. Hatukupunguza risasi wala maji, kwani hayo yalikaguliwa. Tulichoacha bwenini ni mkeka wa sponji tuliokuwa tumegawiwa, maana tulijisemea kwamba tunao mfuko wa kulalia mzuri, na mwanamume hatishwi na udongo. Usiku wa pili tulifika juu kabisa, penye majani magumu na umande wa barafu. Tukaingia katika mfuko wetu, na kabla ya saa sita baridi ilikuwa imetupanda kutoka chini, ikashika nyonga, ikashika mgongo, tukatetemeka hata meno yakagongana. Kulipopambazuka tuliamriwa kufungua bunduki kwa ukaguzi. Vidole havikutii. Pini ya kufyatulia ilituponyoka ikaangukia majanini, na kikosi kizima kikasimama muda mrefu kikiitafuta kwa magoti kwa ajili ya uzembe wa mtu mmoja. Kama adui angalikuwapo asubuhi ile, sisi tungalikuwa na gongo tu mkononi, wala si bunduki.

Usiku uliofuata mwenzetu mmoja alitoa kisu chake, akaukata mkeka wake katikati, akatupa nusu. Hakusema neno. Tulilala juu ya nusu ile, tukapata usingizi. Tutairudia habari ya nusu hiyo hapo mbele, kwa kuwa ndani yake limo somo.

Kwanza yapasa tueleze kwa nini mfuko mzuri wa kulalia haukutufaa kitu. Joto la mwili hukaa ndani ya nguo au mfuko kwa sababu ya hewa iliyotulia katikati ya nyuzi au manyoya. Hewa ile ndiyo ngao. Lakini mtu akilala juu ya mfuko, uzito wake huzibana nyuzi za upande wa chini, hewa ikatoka, na ngao ikavunjika. Hapo mwili huwa kama umegusana na ardhi yenyewe, na ardhi, kama ilivyo saruji, hunyonya joto pole pole usiku kucha bila kushiba. Blanketi la pili likiwekwa juu halisaidii sana, kwani wizi unafanyika chini. Basi kazi ya kwanza ya tandiko ni kuzuia joto lisiibwe, na kazi ya pili ni kulainisha. Wengi huyageuza mambo hayo, wakatafuta ulaini kwanza, nao ndio wanaoamka wakitetemeka juu ya godoro nono.

Matandiko ya safari yapatikanayo siku hizi tunaweza kuyagawa katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni mkeka wa sponji ngumu, ambao vitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake, hata maji hayapiti. Unene wake kwa kawaida ni kiasi cha sentimita moja, na uzito wake mara nyingi hauzidi nusu kilo. Huu ndio mkeka ambao majeshi mengi duniani yameutumia kwa miaka mingi. Sifa zake ni kwamba haupasuki, hauhitaji kupulizwa, ni wa bei nafuu, na ukichomwa na mwiba mia bado ni mkeka. Aidha waweza kukunjwa na kufungwa kama ganzi la mguu uliovunjika, au kukaliwa wakati wa kula. Aibu yake ni kwamba ni mwembamba, na msokoto wake ni mkubwa, hivyo hufungwa nje ya shanta na kukwamakwama vichakani. Hapa tuonye jambo moja: sponji hii si ile ya godoro la nyumbani. Ile ya nyumbani vitundu vyake vimeungana, nayo hunywa maji kama tambara. Askari anayekata kipande cha godoro la kitandani akakipeleka porini, mvua ya kwanza itamtwisha mzigo wa maji badala ya tandiko.

Aina ya pili ni godoro la upepo. Hili hukunjwa likawa dogo kama chupa ya maji, na likijazwa huinuka sentimita tano mpaka kumi. Kwa ulaini halina mshindani. Lakini lina hila mbili. Hila ya kwanza ni mwiba, na kila aliyefanya doria katika nchi ya migunga anaelewa tunasema nini. Hila ya pili imejificha zaidi: godoro lenye hewa tupu ndani halina joto. Hewa ile hairudi kutulia, bali huzunguka, ikapokea joto la mwili juu na kulipeleka kwenye ardhi chini. Ndiyo maana watengenezaji wengine hutia ndani yake manyoya, pamba za viwandani, au tabaka nyembamba zing'aazo zinazorudisha joto juu. Anayenunua godoro la upepo na aulize ndani mna nini, asitazame unene pekee.

Aina ya tatu ni ndoa ya hizo mbili: godoro lijijazalo lenyewe. Ndani yake mna sponji laini, nje mna kitambaa kisichopitisha hewa, na pembeni mna kizibo. Ukifungua kizibo, sponji huvimba ikavuta hewa, nawe huongeza pumzi chache tu. Godoro la namna hii lilizaliwa huko Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wahandisi wawili, Jim Lea na Neil Anderson, waliokuwa wamepoteza kazi katika kampuni ya ndege ya Boeing, walishirikiana na mpanda milima John Burroughs, na mwaka 1972 wakaanzisha kampuni ya Cascade Designs ili kuliuza kwa jina la Therm-a-Rest. Ni tandiko la wastani: lina joto kuliko hewa tupu na ulaini kuliko sponji ngumu, ila uzito wake ni mkubwa kidogo, nalo pia hutobolewa na mwiba.

Zamani mnunuzi hakuwa na njia ya kulinganisha joto la godoro moja na jingine, kwani kila mtengenezaji alijisifu kwa namna yake. Mwaka 2018 haukupita bila kuletwa kipimo kimoja cha kawaida, nacho ni namba iandikwayo kwa herufi R. Kadiri namba ilivyo kubwa, ndivyo joto linavyozuiwa zaidi. Mkeka wa sponji ngumu aghalabu hufika kama 2. Godoro la hewa tupu huweza kuwa chini ya 1. Kwa nyanda za joto, R ya 1 mpaka 2 yatosha. Kwa usiku wa baridi ya kawaida yafaa 2 mpaka 4. Na kwa penye barafu na theluji mtu atafute 5 au zaidi. Tena namba hizi hujumlishwa: mkeka wa 2 ukiwekwa chini ya godoro la 3, askari amelala juu ya 5, na mkeka ule umelikinga godoro na miiba. Hiyo ni hesabu ya kukumbukwa.

Sasa tuje kwenye nchi yetu. Hapa Uganda hatuna majira ya theluji, lakini tunayo milima. Kila mita 100 mtu anazopanda, joto la hewa hupungua kwa kiasi cha digrii 0.6. Askari atokaye Kampala, iliyoko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, akapanda Ruwenzori mpaka mita 4,000, ameacha nyuma yake digrii 16 au zaidi, na bado kilele cha Margherita kipo juu yake, chenye mita 5,109. Huko mkeka mmoja mwembamba hautoshi. Wala asitegemee kukata majani ya kulalia, kwani milima ile ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991, na mimea yake hailingani na nyasi za bondeni. Bondeni, pale inaporuhusiwa, majani makavu ya migomba au nyasi zilizotandikwa kwa unene wa dhiraa moja, kisha mkeka juu yake, ni tandiko ambalo mababu zetu walilijua kabla ya viwanda. Ila zikung'utwe kwanza, na njia ya siafu itazamwe.

Kwa askari wa polisi alindaye usiku penye majengo, adui si baridi ya mlimani bali saruji. Hapo mkeka wa sponji ngumu wafaa kuliko vyote, nao huwekwa nyuma ya gari bila kuhofiwa. Akilazimika kulala katika nyumba kuukuu ya udongo, ajitenge na kuta zenye nyufa, kwa maana humo hujificha papasi, ambao hutoka gizani kunyonya damu na kuambukiza homa ya vipindi. Chandarua nacho kichomekwe chini ya tandiko pande zote, kisining'inie tu. Tandiko jembamba kupita kiasi haliwezi kukibana.

Kuna jambo jingine ambalo mtalii halifikirii, lakini askari hana budi kulifikiri. Baadhi ya magodoro ya upepo hulia kama karatasi kila mtu anapojigeuza, na usiku mkimya sauti hiyo husafiri mbali. Rangi za kung'aa nazo humwita adui. Tena ikipigwa baragumu ya hatari, mkeka wa sponji hunyakuliwa kwa mkono mmoja, ilhali godoro la upepo hudai kutolewa hewa na kukunjwa. Kwa hiyo penye uwezekano wa mapigano twashauri sponji; penye kambi ya kudumu, godoro la upepo au lijijazalo lenyewe si anasa.

Kabla ya kununua, mtu alilalie godoro sakafuni kwa robo saa, wala asilibonyeze kwa kidole tu. Alale jinsi alivyozoea. Alalaye chali aweza kuridhika na sentimita mbili, bali alalaye ubavu uzito wake wote huangukia bega na nyonga, naye ahitaji unene zaidi. Mwenzake apitishe mkono chini ya nyonga: kama nyonga imegusa sakafu, godoro hilo si lake. Godoro la upepo lisijazwe hata likawa gumu kama ngoma. Lijazwe, kisha mtu alale na kulipunguza hewa kidogo kidogo mpaka mwili uzame bila kugusa chini.

Utunzaji nao ni nusu ya godoro. Ni afadhali kulijaza kwa mfuko wa kupulizia kuliko kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina unyevu unaoozesha ndani. Lisiachwe limejaa katika jua kali, maana hewa hutanuka na mishono kuachia. Likivuja, lipakwe maji ya sabuni, na povu litaonyesha tundu. Kisha likaushwe vizuri ndipo kiraka kibandikwe. Lile lijijazalo lenyewe, likirudi kambini, lihifadhiwe limetandazwa na kizibo kikiwa wazi, ili sponji yake isife.

Tumeahidi kurudi kwenye nusu ya mkeka. Nusu ile ilitufunika kutoka bega mpaka nyonga tu, na miguu tuliiweka juu ya shanta tupu. Baadaye tulikuja kujua kwamba hivyo ndivyo wafanyavyo wapanda milima wengi wanaotaka kupunguza mzigo: hukinga kiwiliwili, penye moyo na mapafu, na miguu hupewa shanta. Mwenzetu hakutupa nusu ya ulaini wake tu. Alitupa njia ya kupunguza uzito bila kupunguza usalama, ambayo sisi tulikuwa tumeitafuta kwa upumbavu.

Nusu hiyo tunayo mpaka leo. Imechakaa pembeni, lakini kila tunapofunga safari ndiyo kitu cha kwanza kuingia katika shanta, kabla ya chochote kingine. Askari mwenzetu unayesoma haya ukijiandaa kwa zamu ya usiku, usiibe uzito pale ulipoibia sisi. Bunduki yako itakuhitaji alfajiri, nayo huitikia vidole vyenye joto.