Boti ya Faiba Ikishika Moto



Siku hizi huko Sori, Muhuru Bay na Mbita utaziona boti za faiba zimefungwa kando ya zile za mbao. Faiba haiozi, wala haitaki kuzibwa nyufa kila mara. Lakini kuna neno la hatari linalosemwa ufuoni: eti faiba ni kioo, na kioo hakiungui.

Hiyo ni kweli nusu tu. Boti hii ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi iitwayo rezini. Fikirieni ukuta wa udongo uliochanganywa na nyasi. Moto ukiupata, nyasi huungua, udongo hubaki. Kwa boti ni kinyume: nyuzi hubaki, gundi ndiyo inayoungua. Na gundi si kidogo. Boti iliyotengenezwa kwa mkono huwa na rezini kama theluthi mbili ya uzito wake.

Rezini ya kawaida huanza kulegea kwa joto lisilofika hata la maji ya chai yanayochemka. Ikifika digrii 300 hadi 400 hutoa mvuke unaowaka, pamoja na moshi mweusi wenye sumu. Kaeni upande upepo unakotoka.

Ubao mnene, ukiungua nje, makaa yake huukinga, na ndani mti bado ni mzima. Nyuzi za kioo nazo huchelewesha moto kidogo, lakini zikikosa gundi ni kitambaa tu. Hazibebi injini wala watu.

Hapo ndipo watu hudanganyika. Moto wa petroli umezimwa, limebaki doa jeusi, linapakwa rangi, na usiku boti inarudi kuvua omena. Kumbe tabaka za ndani zimeachana! Basi kabla ya rangi, gongeni kwa sarafu kutoka mahali pazima mkielekea kwenye doa. Pazima hulia kwa ukali; palipoachana mlio hufifia, kama kugonga kadibodi. Lakini sarafu haigundui kila kitu, kwa hiyo fundi akate mpaka afikie tabaka nzima kabisa, ndipo aweke nyuzi na rezini mpya. Akisugua, afunike pua na mdomo.

Petroli ikae mbali na karabai, na jiko lisiwekwe juu ya sakafu ya faiba. Petroli ikiwaka msimwage maji, maana itaelea na kusambaa ikiwaka. Tumieni mchanga au kizimamoto cha unga. Na hicho kizimamoto kikae botini, si nyumbani kwa mwenyekiti.