Mchezaji mpya wa gofu achague uwanja gani wa mashimo 18?

MFANYABIASHARA wa Kabonga, pale mpakani mwa Burundi na Tanzania kusini ya Nyanza-Lac, hana mazoea ya kuona gofu. Ufukweni kwake kuna maboti ya Kigoma, magunia ya dagaa na madumu ya mawese. Lakini akifuata mzigo wake hadi Dar es Salaam, hukutana na mambo mengine. Mawakala wa forodha, mabenki, kampuni za bima na za meli katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki huandaa siku za gofu kwa ajili ya wateja wao, na siku moja mwaliko humfikia na yeye.

Wengi hukubali bila kuuliza. Mgeni anafika, anaazimwa fimbo, anaambiwa aanzie alama za nyuma pamoja na wenyeji. Kabla ya kufika shimo la sita mipira minane imeshazama majini, na kundi linalofuata limesimama mikono kiunoni likimsubiri. Aliyekwenda kutafuta mkopo wa masharti nafuu anarudi na aibu.

Kosa hapo si la mkono wake peke yake. Kosa la kwanza ni kuingia katika uwanja usiomfaa. Tajiri wa malori hampi dereva mpya gari la tani 30 na kumpeleka kwenye mteremko wenye kona kali siku ya kwanza. Gofu nayo ina barabara zake nyepesi na ngumu, na mchezaji mpya anaweza kuzitambua kabla ya kulipa ada.

Uwanja kamili ni upi?

Uwanja kamili una mashimo 18. Vingi vina kiwango cha mikwaju 70 hadi 72, yaani idadi ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kupiga kuanzia shimo la kwanza hadi la mwisho. Urefu wake kwenye karatasi huwa kati ya mita 5,500 na 6,500, lakini kwa kuzunguka huku na huko mtu hutembea kilomita 8 hadi 10. Kundi la watu wanne humaliza kwa saa nne au nne na nusu.

Mchezaji mpya hupiga mikwaju 120 au zaidi. Kama kiwango ni 72, hiyo ni karibu mikwaju 50 ya ziada. Kila mkwaju ukichukua dakika moja tu, kundi zima limeshachelewa dakika 50. Ndiyo maana uchaguzi wa uwanja ni suala la heshima kwa wenzako, si la starehe tu.

Anza na urefu

Kila shimo lina sehemu kadhaa za kuanzia, zenye alama za rangi mbalimbali. Alama za nyuma ni za mabingwa, za mbele hufupisha safari. Tuseme uwanja una mita 6,200 kutoka nyuma na mita 4,900 kutoka mbele. Tofauti ni mita 1,300. Kwa mtu ambaye mkwaju wake mzuri huenda mita 150, hiyo ni sawa na mikwaju tisa aliyookoa kabla hata hajaanza.

Mwaka 2011 vyama vya gofu vya Marekani vilianzisha kampeni ya kuwashauri wachezaji waanzie mbele zaidi. Mwongozo wake ulikuwa kwamba mtu anayepeleka mpira yadi 200, ambazo ni kama mita 180, kwa fimbo yake ndefu kuliko zote, acheze uwanja wa yadi 5,200 hadi 5,400 tu. Hizo ni pungufu ya mita 5,000. Mchezaji mpya asizidi hapo.

Aidha, ni vyema kuangalia kipimo kilichoandikwa kwenye kadi. Viwanja vingine hutumia yadi na vingine mita. Yadi 6,000 ni karibu mita 5,500. Mfanyabiashara anayejua tofauti ya kilo na ratili hatashindwa na hili.

Jambo jingine ni haya. Alama za mbele mara nyingi huitwa za akina mama, na wanaume wengi huzikwepa kwa sababu hiyo. Hiyo ni aibu ya bure. Wenyeji humkumbuka mgeni aliyewachelewesha, na hawakumbuki alianzia rangi gani.

Maji, mchanga na majani

Urefu si kila kitu. Uwanja mfupi wenye bwawa mbele ya kila shimo ni mgumu kuliko mrefu ulio wazi. La kuuliza ni hili: je, kuna mahali ambapo mpira lazima uruke maji au korongo, bila njia ya kupita pembeni? Mashimo mawili ya namna hiyo yanavumilika. Yakiwa sita au saba, mchezaji mpya aahirishe.

Uwanja unaofaa una njia pana za majani yaliyofyekwa, nyasi za pembeni zisizofunika kifundo cha mguu, na mashimo ya mchanga yaliyo kando na si mbele kabisa ya sehemu ya mwisho. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu kutafuta mpira kwa dakika tatu tu, badala ya tano za zamani. Palipo na nyasi ndefu, dakika hizo huisha upesi na mpira huhesabiwa umepotea.

Kadi ya uwanja uliopimwa rasmi huonyesha pia kipimo kinachoitwa slopu. Huanzia 55 hadi 155, na uwanja wa wastani ni 113. Kikizidi 125, ujue kwamba uwanja huo unamwadhibu mchezaji dhaifu kuliko hodari. Kipimo hiki hubadilika kulingana na alama unazoanzia, kwa hiyo soma cha alama zako.

Viwanja vilivyo njiani

Anayetoka Kabonga kwa shughuli za bandari hufika Dar es Salaam. Huko kuna viwanja viwili vinavyojulikana vya mashimo 18: cha Dar es Salaam Gymkhana, karibu na bahari, na cha Lugalo, ambacho ni cha Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kabla ya kufika huko, Morogoro ina klabu yake ya Gymkhana yenye mashimo tisa. Kwa upande wa kaskazini, Kili Golf karibu na Usa River, Arusha, una mashimo 18.

Wanaopita Uganda watakuta Kitante, katikati ya Kampala, na Entebbe, karibu na Ziwa Victoria. Vyote vina mashimo 18. Kigali nayo ina uwanja wa mashimo 18 uliosanifiwa upya na kampuni ya bingwa wa Afrika Kusini, Gary Player. Hata hivyo, Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, hivyo anayefikiria Kigali aulize kwanza hali ya mpaka.

Ushauri wa makocha wengi ni kuanza na mashimo tisa. Uwanja wa aina hiyo unaweza kuuzunguka mara moja ukarudi nyumbani, au mara mbili ukapata 18. Aliyeweza kuzunguka mara mbili bila kuchelewesha watu ameshakuwa tayari kwa uwanja kamili.

Gharama

Ada ya kuingia si gharama yote. Kuna ujira wa kedi, yaani mbeba fimbo, kuna kukodi fimbo, na kuna mipira itakayopotea. Asiwe mtu wa kununua mipira mipya ya bei kubwa. Mipira iliyotumika inamtosha. Sheria inaruhusu fimbo zisizozidi 14, lakini mwanafunzi anatosheka na saba.

Kedi asionekane kuwa hasara. Anajua mahali mpira unapopotelea na upande salama wa kila shimo. Kwa mgeni, ni kama utingo mwenyeji wa njia. Maelewano ya ujira yafanyike kabla ya kuanza.

Maswali ya kuuliza kwa simu

Kabla ya kuweka nafasi, uliza haya:

1. Je, mgeni asiye na handikapu anaruhusiwa, na siku gani?
2. Alama za mbele zina mita ngapi, na slopu yake ni ngapi?
3. Ni mashimo mangapi yanalazimisha mpira kuruka maji?
4. Kuna sehemu ya mazoezi ya kupiga kabla ya kuingia?
5. Ada, kedi na fimbo za kukodi jumla ni kiasi gani?
6. Mavazi gani yanatakiwa? Klabu nyingi hudai shati lenye kola na hukataa jinzi.

Siku za mashindano na mwisho wa wiki ziachwe. Mchana wa siku ya kazi huwa na watu wachache, lakini anayetaka mashimo yote 18 aanze kabla ya saa saba, maana giza huingia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Msafiri wa Kabonga akumbuke pia kwamba saa ya Tanzania iko mbele ya saa ya Burundi kwa saa moja. Nafasi iliyowekwa saa mbili asubuhi Dar es Salaam ni saa moja kwa saa ya nyumbani.

Ukishaalikwa tayari

Mara nyingine mwaliko hutangulia mazoezi, na uwanja umeshachaguliwa na mwenyeji. Hapo kuna njia tatu. Ya kwanza, mwambie mwenyeji mapema kwamba wewe ni mgeni wa mchezo, naye atakupanga na watu wavumilivu. Ya pili, omba kuhesabiwa kwa mtindo wa Stableford, ambao hutoa pointi kwa kila shimo. Shimo likikushinda, unaokota mpira na kusonga mbele bila kumchelewesha mtu. Ya tatu, cheza mashimo tisa ya kwanza, kisha uwasubiri wenzako kwenye chai.

Njia hiyo ya tatu haina fedheha. Mazungumzo ya mzigo, bei na mkopo mara nyingi hufanyika mezani baada ya mchezo, na anayefika mezani akiwa hajachoka wala hajakasirika husikilizwa vizuri zaidi. Uwanja kamili utamngoja hadi mkono wake utakapozoea.