Windows 10 imekwisha: okoa kwanza picha na karatasi, kisha ubadilishe sistemu

Mu nyumba nyingi za Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, ordinatere si ya kuangalia filme tu. Ndani yake muko picha za arusi, kopi ya karte ya muchimbaji, liste ya michango ya koperative, bulletin za watoto, na ile faili ya Excel yenye kuonyesha nani alitoa makuta ya chakula na mafuta ya motere ku shimo, na nani anangojea kulipwa. Baba akikaa Misisi miezi mitatu, ile machini ndiyo inamuchungia hesabu pa nyumba.

Kama machini yako inatumia Windows 10, kuko habari ya kujua: sistemu hiyo ilifika mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025.

Mwisho maana yake nini?

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Kwa miaka kumi kampuni Microsoft ilikuwa inatuma marekebisho kila mwezi ili kuziba matundu ambamo virusi na wezi wanapitia. Sasa kazi hiyo imesimama. Machini itaendelea kuwaka, Word itafunguka, hautaona mabadiliko yoyote asubuhi. Lakini tundu likigunduliwa leo, hakuna wa kuliziba.

Hasara yake ilishaonekana. Mwezi wa Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya tundu moja kubwa. Mwezi wa Mei mwaka uleule, virusi WannaCry ikaingia mu machini zenye hazikupokea marekebisho hayo, zaidi ya 200 000 katika inchi karibu 150. Ilifunga mafaili ya watu na kuwaomba makuta ili wafunguliwe. Na kwetu hapa virusi haingojei intaneti: kle ya USB inatoka nyumba, inaenda sekretaria publiki kutoa karatasi, inapita mu machini tano, inarudi na mugeni ndani.

Usikimbie kwa woga, hata hivyo. Microsoft iliacha nafasi: mwenye kujiandikisha mu machini yake, akiwa na konti ya Microsoft, anaweza kupokea marekebisho ya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Huo ni wakati wa kujipanga.

Njia mbili

Njia ya kwanza ni Windows 11. Ni bure kwa machini yenye Windows 10 ya halali, lakini machini inapaswa kuwa na nguvu: RAM ya giga 4, disiki ya giga 64, na kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kwa Intel, inaomba kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Angalia namba inayofuata kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, haifai; i5-8250U ni cha 8, inafaa; i5-10210U ni cha 10. Machini nyingi za okazio tunazouziwa ni za mbele ya hapo. Kuko mafundi wenye wanaweza kuilazimisha iingie, lakini Microsoft haitoi garanti kwamba machini hiyo itapata marekebisho. Unaweza kulipa na kurudi palepale.

Njia ya pili ni Linux, sistemu ya bure kabisa, hata kwa machini ya zamani. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ndilo neno letu "utu". Linux Mint ilijengwa juu ya Ubuntu, na sura yake inafanana na Windows, kwa hiyo mutu hapotei sana. Inaomba RAM ya giga 2 kwa uchache, ingawa 4 ni muzuri zaidi. Mu nafasi ya Word na Excel utapata LibreOffice, yenye kufungua mafaili yaleyale. Lakini Microsoft Office yenyewe haiingii, na kuko imprimante zenye zinasumbua. Kama koperative inatumia programu ya pekee ya Windows, uliza mbele ya kuhama.

Kopi mbele ya yote

Hakuna muchimbaji anayetoa miti ya kushikilia shimo wakati wenzake wangali chini. Sistemu unaweza kuipata tena, hata mara kumi. Picha ya marehemu mama na liste ya wadeni, hapana.

Pitia Bureau, Documents, Images na Téléchargements. Kama kuko disiki D, ifungue pia. Angalisha: alama yenye mushale mudogo ku kona ni njia tu ya kwenda ku faili, si faili yenyewe, ukikopi hiyo, haujakopi kitu. Andika ku karatasi maneno ya siri yenye machini inakukumbukia.

Fanya kopi mbili, na uziweke mu nyumba mbili. Wakati muto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, nyumba iliyochukuliwa na maji ilipoteza machini na kopi pamoja kama vilikuwa ku meza moja. Kopi moja ikae pa nyumba, ingine kwa ndugu anayekaa juu, mbali na muto na ziwa.

Kisha hakikisha. Ku soko kuko kle zinazoandikwa "1 tera" na kumbe ndani ni giga chache: zinapokea mafaili yote, lakini siku ya kuyafungua hakuna kitu. Peleka kopi ku machini ingine, fungua picha kumi na ile Excel. Zikifunguka, sasa endelea.

Jaribu bila kugusa disiki

Linux Mint inabeba karibu giga 3, na mega ni bei. Mutu mumoja anaweza kuitelesharje ku intaneti na kuwapa majirani kumi. Sheria yake inaruhusu. Ila itoke ku adresi yake ya kweli, na fundi apime namba yake ya uhakikisho. Mwezi wa Februari 2016 wezi waliingia mu tovuti ya Linux Mint yenyewe na kwa muda mufupi wakawapa watu faili yenye mulango wa siri. Mwenye kupima namba anaweza kuona kama haifanani.

Faili hiyo inawekwa ku kle ya giga 8 yenye haina kitu cha maana, kwa sababu yote yaliyomo yatafutwa. Unazima machini, unaiwasha ukibonyeza F12 (Dell, Lenovo) ao F9 (HP), unachagua kle. Sistemu mupya itafunguka bila kugusa disiki yako. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, imprimante. Ukikosa kupenda, zima, toa kle, Windows yako iko palepale.

Hapa kuko mutego mumoja kwetu: klavye zetu nyingi ni AZERTY, lakini sistemu inaanza na QWERTY. Unabonyeza A, inaandika Q. Ukitunga neno la siri hivyo, kesho mulango utakukatalia. Chagua klavye ya Kifaransa kwanza.

Siku ya kuingiza

Kazi yenyewe inaweza kuisha mu nusu saa ao saa moja. Umeme ukikatika katikati, sistemu inaweza kubaki nusu, haiwaki tena. Ngojea batri ijae. Kama ni ya meza, tafuta ondilere ao batri ya soleri.

Machini itakuuliza swali moja kubwa. "Installer à côté de Windows" inaacha vyote viwili, unachagua kila asubuhi. "Effacer le disque" inafuta yote, bila kurudi nyuma. Kama disiki ilifungwa na BitLocker, tafuta kwanza funguo yake yenye tarakimu 48 mu konti ya Microsoft. Bila hiyo unaweza kufungiwa inje.

Na fundi akikuambia, "Mama, iache tu, kesho unakuya kukamata," mama, ikalia hapo pembeni yake. Muulize mambo matatu: Kopi iko wapi? Nimeifungua kwa macho yangu? Utabonyeza "à côté" ao "effacer"? Fundi muzuri hakasirikie maswali hayo. Asiyeweza kujibu, rudisha machini yako mu mufuko.

Hata kama haujaamua sistemu gani, ile kopi usiingojeshe. Baba akishuka kutoka machimbo na kuuliza nani bado ana deni lake, liste iwe ingaliko.