Datsun ya Amana: Kutoka Kiritiri Hadi Tanga

Kwa miaka mingi, kila mgeni aliyefika nyumbani kwa mjomba wangu huko Kiritiri alionyeshwa vitu viwili: tangi la maji ya mvua lenye ufa, na gari jeupe lililofunikwa turubai chini ya banda la mabati. Tangi lilikuwa la mkazamjomba, maana ndiye aliyelilalamikia kila siku, na gari lilikuwa la mjomba. Hivyo ndivyo tulivyodhani sisi watoto. Mwaka jana ndipo nilipoambiwa kwamba gari lile halikuwa lake.

Kwa msomaji ambaye hajafika pande hizo, Kiritiri ni mji mdogo wa soko katika Mbeere Kusini, kaunti ya Embu, kwenye barabara itokayo Embu kwenda Kangonde. Ni nchi kavu ya mbuzi, ya pojo na mtama, na ya muguka ambao watu wa Mombasa wanaujua kuliko wanavyotaka kuujua. Chini yake unapita Mto Tana na mabwawa yake ya umeme. Mjomba alifika huko mwaka 1984 akiwa fundi wa mitambo, wakati bwawa la Kiambere likijengwa. Bwawa lilipokamilika mwaka 1988 wenzake wa pwani walirudi makwao, naye akabaki, kwa kuwa alikwisha kuoa.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, gari la spoti la viti viwili, boneti ndefu na mgongo ulioinama, lenye injini ya silinda sita na kabureta mbili. Wasomaji wenye umri watalikumbuka bila ya maelezo. Gari la namna hiyo ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 chini ya Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 chini ya Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda ambaye jamaa zake walikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka uliotangulia. Mwaka ule Mehta na Harry Källström walimaliza sawa kwa alama, na vijana wa Mombasa walibishana juu ya jambo hilo mabarazani mpaka Pasaka ya pili. Mashindano hayo yalipoanzishwa mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika kana kwamba ni nchi moja, na gari la Nairobi kuonekana Tanga halikuwa ajabu.

Mume wa Mama Mkubwa, yaani shemeji yake mjomba, alilinunua gari hilo mwaka 1975 likiwa limekwisha tumika. Yeye ni mtu wa Tanga, na alikuwa akifanya kazi katika Shirika la Bandari la Afrika Mashariki hapo Kilindini. Mwanzoni mwa mwaka 1977, mashirika ya Jumuiya yalipokuwa yakivunjika, aliambiwa arudi kwao. Klachi ya gari ilikuwa imekufa. Akamwachia shemeji yake kijana, akatia sahihi karatasi za kuhamisha umiliki ili polisi wasimsumbue, wakaagana kwamba likitengenezwa ataletewa baada ya wiki mbili. Tarehe 4 Februari mpaka ukafungwa.

Ulifunguliwa tena Novemba 1983. Nilimuuliza mjomba kwa nini hakulipeleka wakati huo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Mpwa wangu, serikali iliufunga mpaka miaka sita. Miaka mingine yote niliufunga mimi.” Kwanza kabureta zilikuwa zimefunguliwa na hakuna vipuri. Kisha ikaja kazi ya Kiambere, ikaja harusi, wakaja watoto, na kila mwaka akasema mwaka kesho. Shemeji yake alifariki mwaka 1994 bila ya kulikalia tena. Karatasi zinasema gari ni la mjomba, lakini yeye hakusahau sahihi ile ilitiwa kwa sababu gani.

Kilichomwamsha ni habari kwamba macho ya Mama Mkubwa yanafifia. Akaazimia kulipeleka gari Tanga kwa magurudumu yake lenyewe, akaketi na warithi wa marehemu, awaulize wanataka nini.

Mkazamjomba hakulipinga jambo hilo, ila aliuliza swali ambalo nadhani wake wengi wa wenye magari ya zamani wamewahi kuliuliza: gari hili lina haki gani kabla ya maji ya kunywa? Mbuzi wanne walikuwa wamekwisha uzwa kwa ajili ya radieta. Wakapatana mbele yangu kwamba tangi lizibwe kwanza, na kwamba gari halitapakwa rangi. Nalo halikupakwa, na mlango wa kushoto una mabaka hadi leo. Kwa maoni yangu mapatano hayo yaliliokoa gari, maana rangi ndiyo inayomaliza fedha za watu wengi, wakasafiri na gari linalong'aa lenye mipira iliyooza.

Na mipira ndiyo habari yenyewe. Gari lililolala banda moja zaidi ya miaka thelathini halifi kwa chuma, kwani injini ile ilizunguka vizuri mara tu silinda zilipotiwa mafuta na kuzungushwa kwa mkono. Hufa kwa vitu laini. Mabomba madogo ya petroli yalikatika kama biskuti yalipopindwa. Mipira ya maji ilikuwa imevimba. Tangi la petroli, la lita 60, lilikuwa na kutu ndani, na kutu hiyo ndiyo iliyozima gari mara mbili katika majaribio ya kwanza: chembe ndogo huchukuliwa na petroli hadi kwenye kabureta na kuziba tundu zake. Fundi akaliteremsha tangi, akatia kokoto na sabuni, akalitikisa pamoja na wasaidizi wawili kwa asubuhi nzima, akalisuuza na kulianika juani, kisha akaweka chujio mbili mahali palipokuwa na moja. Tairi zilionekana mpya kwa kuwa hazikuwa zimelika. Lakini ubavuni mwa tairi za siku hizi pana tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, na hizo zilizokuwamo hazikuwa hata na tarakimu hizo, maana zilitangulia utaratibu wenyewe. Msomaji na aangalie za gari lake leo jioni.

Fundi huyo ni kijana wa hapo hapo Kiritiri, aliyejifunza kazi kwa kutengeneza pikapu zinazopeleka muguka pwani kwa kasi ambayo sote tunaijua. Nilikuwa na wasiwasi naye kwa sababu hiyo. Nilikosea. Mtu aliyeona pikapu nyingi zikiletwa zimekunjika huziogopa breki mbovu kuliko mtu mwingine yeyote.

Siku tatu kabla ya safari alikanyaga breki akaishikilia bila ya kuiachia, nayo ikazama polepole mpaka chini. Gari lilikuwa likisimama vizuri barabarani, na mjomba alikwisha waambia watu wa Tanga kwamba atafika Ijumaa. Akasema ataendesha polepole. Fundi akaeleza kwamba mipira ya ndani ya masta ya breki imelika. Na kwamba mafuta ya breki ya zamani hunywa maji ya hewani, yakipata joto katika mteremko mrefu yanachemka, na mguu unakanyaga mvuke. Mjomba akashika msimamo, akataja fedha alizolipa, akataja macho ya dada yake. Kijana hakupandisha sauti. “Mzee, gari ni lako, lichukue,” alisema, “lakini magurudumu yatabaki hapa.” Alikwisha kuyafungua yote manne.

Mkazamjomba, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, ndiye aliyemaliza ugomvi. Alimuuliza mumewe kama yeye ndiye atakayeketi kiti cha pili, au ni mwingine.

Mpaka siku hiyo sote tulidhani kiti cha pili ni changu. Mimi nilikuja na daftari langu kwa ajili hiyo, na yeye alikuwa akisema hawezi kukaa chini namna ile, magoti yake hayakubali. Kumbe alikwisha kushona mto. Hajawahi kumwona Mama Mkubwa ila katika picha, kwa miaka yote aliyoolewa. Mjomba akapiga simu Tanga, akaomba radhi. Mipira ya masta ilipatikana Nairobi baada ya siku kumi na tisa.

Siku hizo tulizitumia kwa karatasi. Mwenye nia ya kuvuka na gari la Kenya kwenda Tanzania anahitaji pasipoti yake, leseni, kitabu cha gari chenye jina lake, na ile Kadi ya Manjano ya bima inayotambuliwa katika nchi jirani, ambayo huombwa kwa kampuni yake mwenyewe ya bima kabla ya kuondoka. Mpakani gari hupewa kibali cha muda, na muda ukiisha sharti litoke. Hapo palikuwa na fundo. Kama warithi wangelitaka gari lenyewe, lisingeweza kubaki tu. Lingepaswa kuingizwa rasmi na kulipiwa ushuru. Kwa hiyo mjomba akawaita mafundi wawili, mmoja wa Embu na mmoja wa Kiritiri, kila mmoja akalikadiria bei kwa maandishi bila ya kuona ya mwenzake. Karatasi hizo mbili alizitia katika bahasha pamoja na pasipoti. Ndani ya buti wakaweka pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto, mkanda wa feni, plagi, pointi, jeki, madumu mawili ya maji, na gunia dogo la pojo.

Waliondoka Kiritiri baada ya sala ya alfajiri, wakapita Kangonde na Thika, wakalala njiani mara moja kwa sababu mjomba haendeshi usiku. Mimi niliteremka kwa basi nikawasubiri Mombasa. Ni safari ya zaidi ya kilomita mia saba hadi Tanga, na gari lilichemka mara moja tu, katika foleni ya malori. Likoni, eksozi ilikwaruza mlango wa kivuko kwa sauti iliyowageuza abiria wote. Mzee mmoja aliyebeba samaki aliligonga boneti kwa vidole, akasema, “Hili la Mehta.” Nikawaaga ng'ambo.

Horohoro waliwekwa saa moja na nusu. Karatasi zilikuwa sawa. Maafisa walitaka tu boneti ifunguliwe, wakaitana.

Walifika Tanga kabla ya magharibi. Kikao cha warithi kilikaa siku ya tatu. Mtoto mmoja wa marehemu alitaka kujua bei, nayo ni haki yake, akapewa bahasha. Waliafikiana bei ya katikati ya makadirio yale mawili. Mama Mkubwa akaisamehe thumni yake, na watoto watalipwa mafungu yao kutokana na pojo kwa misimu minne. Gari limerudi Kiritiri kabla ya kibali kuisha, na kwa mara ya kwanza ni la mjomba.

Mkazamjomba ameniambia jambo ambalo mumewe hakunieleza. Jioni walipofika, Mama Mkubwa alitoka nje akalipapasa gari kutoka taa hadi buti, kisha akaingia ndani akarudi na ufunguo wa pili, aliokuwa nao sandukuni tangu mwaka 1977. Akautia mlangoni, ukafungua. Ufunguo huo hakuutoa. Amesema atakuwa nao.